Gadi Aliyepita Nyumbani Kwake

Hebu niambie, mjukuu wangu, umewahi kumwona mwanamume anayemtaka mwanamke halafu anamhadithia mataruma ya reli? Hamsifii macho, hamletei manukato, hamwandikii chochote. Anamwambia mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma, yalitoka msitu gani, nani aliyapaka lami, na mchwa waliyaanza upande upi. Kama hujamwona, vuta hicho kigoda ukae, nipe na hayo mashuka nikunje huku nikikusimulia habari za kaka yangu, babu yako yule ambaye mtaa mzima unamwita Gadi.

Gadi ni kazi, siyo jina. Ni mtu anayekaa behewa la nyuma akiwa na filimbi na bendera ya kijani. Dereva hata awe na haraka ya namna gani, treni haing'oki mpaka gadi apulize. Kaka yangu aliifanya kazi hiyo kwenye reli yetu hii ya mjini tangu kidevu chake hakina kitu mpaka ndevu zikawa nyeupe pe. Kazi ikamwingia mwilini. Amestaafu, lakini nikianza kupakua utamsikia sebuleni, "Chakula kinaingia jukwaa la kwanza." Mgeni akiaga, kaka anatangulia mlangoni, anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anainua mkono. Hapo ndipo mgeni anaruhusiwa kwenda zake. Mtaa mzima walishazoea. Wengine walikuwa wanasimama wenyewe kusubiri mkono.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mmoja: hawezi kuruka kituo. Akiwa anasimulia jambo ukamkatiza, haendelei pale ulipomkatizia, anarudi mwanzo. Ukimuuliza kiatu chake cha pili kiko wapi, anakuanzia dukani alikokinunua, na hali ya hewa ilivyokuwa siku hiyo, na muuza duka alivyokuwa na mafua. Kufika kwenye kiatu, wewe umeshachoka na kiatu umeshakiona chini ya kitanda.

Tulikuwa tunakaa wawili. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mume wangu pia, watoto kila mmoja kashika njia yake. Nyumba ndiyo hii hii. Unaona hilo dirisha la jikoni? Reli inapita hapo chini, kwenye ile sehemu inayopinda, ndiyo maana kituo chetu kinaitwa Kona. Treni ikipita, vikombe kwenye rafu vinagongana, na kile cha bluu kinatembea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Kila jioni nakirudisha nyuma. Mpaka leo sijui kwa nini ni chenyewe tu kinachotembea.

Sasa jioni moja nimesimama hapo nachambua mboga, treni ya kutoka mjini ikapunguza mwendo kwenye kona, na nani namwona dirishani? Kaka yangu. Kavaa koti lake la kazi, mikono hewani, anaongea. Nikasogeza sufuria jikoni, maana kutoka kituoni mpaka hapa ni kuvuka barabara tu. Nikangoja. Chakula kikaiva, nikangoja. Kumbe mwenzangu hakushuka. Treni ikamchukua mpaka Machimbo, mwisho wa reli kabisa, ikageuka, ikamrudisha, ndipo akaingia.

"Umechelewa, kaka."

"Treni imechelewa."

"Treni nimeiona ikipita hapa kwa wakati wake, na wewe ndani."

Akachukua glasi ya maji akanywa taratibu mpaka ikawa haina kitu, bado kaishikilia mdomoni. Kisha akasema, "Nilikuwa nakagua."

"Unakagua nini na umestaafu?"

"Mimi nimestaafu. Reli haijastaafu."

Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Mtu anapita mbele ya nyumba yake mwenyewe, chakula chake kinanukia, na hashuki. Tena akishajua kwamba namwona, akawa akifika hapa anageuza shingo upande wa pili kama mtoto wa shule aliyekutana na mwalimu sokoni.

Halafu vikaja vifungo. Koti la kaka likaanza kupoteza vifungo. Anatoka mchana koti lina pengo, anarudi jioni pengo limezibwa, uzi mpya, mishono imekaa sawasawa kama iliyopigwa rula. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea nguo tangu tukae pamoja, na mshono huo haukuwa wangu. Nikafungua droo ya meza yake kutafuta kiberiti, nikakuta mkasi wangu wa jikoni, mdomoni umenasa kipande cha uzi mweusi. Nikarudisha droo polepole. Nikasema, sawa. Kesho na mimi nakwenda kukagua.

Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda mjini mchana, na jioni nikaingia treni ileile pale Stesheni Kuu. Nikapita behewa la kwanza, la pili nikamkuta. Amekaa koti wazi. Mbele yake, dirishani, kakaa mwanamke wa makamo, mdogo kwangu kidogo, miwani imeshuka puani, mapajani ana bunda la mashati meupe yasiyo na vifungo. Pembeni yake kuna kopo la vifungo. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mjane, anachukua mashati kwenye karakana ya kushonea mjini, anayatia vifungo kwa mkono, na kwa kuwa safari ni ndefu, kazi alikuwa anaianzia humo humo kwenye treni. Abiria wote walimwita Mama Vifungo.

Kaka aliponiona alisimama kama aliyekalia sindano. Na huenda alikalia kweli.

"Huyu ni mdogo wangu," akamwambia. "Amepotea njia."

"Karibu, dada," Mama Vifungo akasema, akasogeza bunda nipate pa kukaa.

"Asante sana, wifi," nikamjibu.

Kaka akakohoa mpaka mtu wa kiti cha nyuma akamgonga mgongo. Mama Vifungo hakuinua uso, ila niliona shavu likitabasamu. "Leo nimepata wifi," akasema, "na kazi yangu ni vifungo tu."

Treni ikaondoka, na kaka akaanza. Alikuwa anamsimulia habari za reli, kituo kwa kituo, kila kituo kikifika ndipo habari yake inaingia. Alimwambia kwamba Stesheni Kuu haikuwa stesheni, ilikuwa banda la bati la kupakulia mawe. Reli hii haikutengenezwa kwa ajili ya watu, ilikuwa ya kampuni ya mawe. Mawe yanatoka Machimbo, yanakuja kujenga mji. Wachonga mawe wakawa wanadandia juu ya mzigo kuja mjini, suruali zikawa zinatoboka kwa nyuma, wake zao wakachoka kutia viraka, wakaenda ofisini kwa bwana mkubwa wa kampuni na zile suruali mikononi. Bwana mkubwa akaona aibu, akanunua viti vya jumba la sinema lililofungwa, akavikongomea kwenye mabehewa.

"Lakini viti vya sinema vinatazama upande mmoja," kaka akasema. "Kwa hiyo asubuhi watu walikuwa wanatazama wanakokwenda, jioni wanarudi nyumbani kinyumenyume."

"Masikini," Mama Vifungo akasema, akachoma sindano. "Wanatazama nini?"

"Wanatazama walikotoka. Ndiyo maana watu wa zamani wa Machimbo walikuwa wakishuka treni wanaanguka."

Tukafika kituo cha Sabuni. Hapo pana jukwaa refu kuliko yote, na kaka akaeleza kisa chake. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kinavuja mafuta kwenye reli. Dereva anafunga breki, treni inateleza tu, inapita kituo, abiria wanashukia migombani. Wakubwa wakakaa kikao. Wangeweza kuziba bomba. Hawakuziba, walirefusha jukwaa, wakalirefusha tena, mpaka treni ilipokubali kusimama ndani yake.

Mama Vifungo akacheka mpaka akalipoteza tundu la kifungo. Mimi nikimtazama kaka yangu sikuamini. Mtu huyu nyumbani anakula kimya kama kabati, huku anachekesha behewa zima.

Likapita Daraja na habari zake, ikafika Kona, kwetu hapa. Kaka akageuza shingo asione jiko langu, akaingia kwenye habari ya mbuzi. Ilikuwa hivi. Mpima ardhi alichomeka vigingi akafunga kamba, mstari umenyooka, halafu akashikwa na homa akaenda kulala. Mbuzi wa jirani akaja akaivuta kamba. Vibarua walipokuja asubuhi hawakuuliza, walifuata kamba. Mpima ardhi anapona, anakuta reli imeshapinda na treni inapita. Hiyo ni kauli ya kwanza. Kuna kauli ya pili kwamba mbuzi alikuwa beberu, na ya tatu kwamba kamba ilipigwa tu na jua ikalegea na mbuzi kasingiziwa. Kaka anazitoa zote, na anaitetea kila moja.

Alipokuwa katikati ya kumtetea mbuzi, tukaingia Tangi, kituo kimoja kabla ya mwisho. Pana tangi kubwa la chuma lililokuwa likinywesha injini za moshi. Mama Vifungo akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akalifunga bunda lake.

"Basi Gadi, mimi nashukia hapa. Utanimalizia kesho."

Kaka akamtangulia mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua mkono. Mama akashuka.

Nikadhani yameisha. Thubutu. Kaka alirudi akakaa, akamaliza habari ya mbuzi, akaingia kwenye habari ya tangi, yote ananipa mimi, maana hawezi kuacha njiani. Tulipofika Machimbo akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akasafisha koo, akakitazama kile kiti kitupu. Akakitazama, kisha akakaa.

Hapo nikaelewa.

"Kaka, ulitaka kumwambia nini hapa?"

"Jambo."

"La nini?"

"La mwisho wa safari."

Nikamkamua mpaka akasema. Kumbe kwa magadi kulikuwa na utaratibu. Njiani gadi anataja vituo tu, hana ruhusa ya kusema lake. Lakini kituo cha mwisho, baada ya kusema tumefika, asanteni, msisahau mizigo yenu, hapo anaweza kuongeza neno lake mwenyewe. Kuwapa watu pole na mvua, kuwatakia heri. Neno la kaka kwa Mama Vifungo lilikuwa limepangwa Machimbo. Na Mama Vifungo anashuka Tangi.

"Si umwambie kabla?"

"Nimwambie tumefika wakati hatujafika?"

"Basi mwambie asubuhi akienda mjini."

"Asubuhi behewa limejaa hata kukohoa huwezi. Halafu nianzie wapi, Machimbo? Nimsimulie kinyumenyume?"

Nikamtazama kaka yangu, mtu mzima, miezi na miezi anabebwa mpaka mwisho wa reli kwenda kukisalimia kiti.

Basi tukaanza mazoezi, hapa hapa mezani. Vijiko vikawa vituo, kikombe cha bluu kikawa Mama Vifungo. Kazi yake ilikuwa kupunguza habari, yote iishe kabla ya Tangi, na neno lake alitoe. Nilikuwa naosha vyombo huku nasikiliza.

"Mbona tuko Sabuni mpaka sasa? Punguza."

"Nimepunguza. Sijataja rangi ya bomba."

"Kaka, mwondoe mbuzi."

"Nikimwondoa mbuzi, kona itoke wapi?"

"Sema imepinda. Yeye mwenyewe anaiona imepinda."

"Watu wanaosema imepinda tu," akanijibu kwa uchungu kabisa, "ndio wanaosema imepinda kwa sababu ya jiwe. Hakuna jiwe pale. Hakuna."

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo wakati matangazo yalipobandikwa vituoni. Treni mpya inakuja, ya umeme, ya mwendo kasi. Ratiba inabadilika. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, kituo cha Tangi kinafutwa kwa kuwa abiria wake ni wachache. Kaka alirudi jioni ile akakaa hapo mlangoni bila kuvua koti. Hakutangaza chakula. Nilipakua mwenyewe, kikaingia jukwaani bila mtu.

"Atapanda basi," akasema. "Tangi ikifutwa, atapanda basi."

"Basi mwambie kabla haijafutwa."

"Nitamwambia."

"Na mbuzi?"

Akafumba macho. "Nitamruka mbuzi."

Siku ya mwisho ya treni ya zamani nilikwenda naye, maana sikumwamini. Alianza vizuri. Stesheni Kuu akaipitia mbio, viti vya sinema maneno mawili, nikaanza kupata matumaini. Tukaingia Sabuni, tukatoka Sabuni, kaka kimya, jasho linamtoka, anahema kama anayepanda mlima. Nikasema moyoni, leo ataweza. Mara Mama Vifungo akainua uso juu ya miwani.

"Gadi, mbona jukwaa refu leo hukulitaja?"

"Nimeliruka kidogo."

"Ah. Na mimi ndiyo napenda hapo."

Kwisha. Kaka akarudi Stesheni Kuu, akaanza na banda la bati. Nilitaka kumfinya mtu, sikujua nimfinye yupi. Kifungo kikamponyoka Mama Vifungo kikabingirika chini, nikainama kukiokota, na nilipoinama nikaviona viatu vyake. Kwenye mishono ya ngozi palikuwa na vumbi jeupe, lile la mawe. Udongo wa Tangi ni mwekundu, vumbi jeupe liko Machimbo peke yake. Nikampa kifungo chake. Akanitazama, nikamtazama.

Tangi ikafika, mbuzi bado hajaonekana hata mkia. Akafunga bunda.

"Utanimalizia," akasema, kama kawaida, ila safari hii hakutaja kesho. Kaka akamsindikiza mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia. Mkono ulichelewa kuinuka. Uliinuka, lakini ulichelewa.

Siku iliyofuata kaka hakutoka. Mchana wote alikaa jikoni akinizuia njia, anashika hiki anaweka kile, anakisogeza kikombe cha bluu ambacho hakijatembea. Koti limetundikwa msumarini, vifungo vyote mahali pake. Nikalishusha. Nikafungua droo yake, nikatoa mkasi wangu, nikakata kifungo cha kati, nikakitia mfukoni mwa koti.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Huwezi kwenda na koti zima."

Akautazama ule mkasi muda mrefu. Masikio yakaanza kuwa mekundu, na kwa mtu wa rangi yetu hiyo si kazi ndogo.

"Atakuwa kwenye basi, mdogo wangu."

"Mwache awe kwenye basi. Wewe njoo uione treni mpya. Utakuwa gadi gani, treni imekuja kwenye reli yako na hujaenda kuikagua?"

Hapo nilimpata. Akavaa.

Treni mpya ilikuwa nzuri, mjukuu wangu, siwezi kudanganya. Viti vinatazamana, madirisha makubwa, harufu ya kiatu kipya. Ila haina gadi. Milango ilijifunga yenyewe, na sauti ya mwanamke ikatokea darini ikisema safari inaanza.

"Nani amempa ruhusa huyu?" kaka akauliza akitafuta juu. "Ametazama kushoto? Ametazama kulia?"

"Gadi," sauti nyingine ikamwita, siyo ya darini. "Koti lako halina kifungo."

Mama Vifungo alikuwa amekaa dirishani behewa la pili, bunda mapajani, kopo pembeni. Kaka alisahau kufunga mdomo. Nikamsukuma akakaa. Akatoa kifungo mfukoni, akampa, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya analolijua: akaanza Stesheni Kuu.

Lakini treni ile haikuwa na subira yetu. Wanawake hawajafikisha suruali ofisini, sauti ya darini imeshasema kituo kinachofuata ni Sabuni. Kaka anafukuza maneno kama mtu anayekimbilia kofia yake kwenye upepo. Daraja likapita tukiwa bado kwenye sinema. Hapa Kona nilijitahidi niione rafu yangu, sikuona hata ukuta. Mbuzi sijui alikuwa wapi. Halafu sauti ikasema, "Treni hii haisimami Tangi."

Kaka akanyamaza. Tangi likapita dirishani, chuma chenye kutu na majani yameota juu yake, likaenda zake. Akamgeukia Mama Vifungo.

"Kituo chako kimepita."

"Kimepita." Alikuwa anazungusha uzi kwenye kifungo cha koti, na kwa kuwa koti lilikuwa mwilini, kaka hakuweza kusogea.

"Utarudije kwako na mzigo wote huo?"

"Kwangu ni Machimbo, Gadi. Nyuma ya mizani ya mawe. Baba yangu alikuwa mchonga mawe, nilizaliwa pale."

"Na Tangi?"

"Tangi nilikuwa nashuka tu."

"Unashuka, halafu?"

"Halafu natembea. Kuna kinjia nyuma ya kuta za machimbo, treni haikioni."

"Na mvua?"

"Na mvua."

Mtu wa kiti cha nyuma alikuwa ameacha kutafuna. Kaka akauliza kwa sauti ndogo, sijawahi kumsikia nayo, "Kwa nini?"

Mama Vifungo akauvuta uzi mpaka ukanyooka. "Kwa sababu Machimbo ndiyo mwisho. Ungefika mwisho wa habari zako, kesho yake ungepanda treni kufanya nini?"

Mimi nikatazama dirishani. Kuna mambo ukiyatazama machoni unaharibu.

Treni ikapunguza mwendo, kuta nyeupe za mawe zikasogea, ikasimama. Sauti ya darini ikasema tumefika mwisho wa safari, asanteni, msisahau mizigo yenu. Ilimnyang'anya kaka maneno yake yote, neno kwa neno. Milango ikafunguka. Abiria wakasimama na vikapu vyao, lakini wengi walikuwa watu wa zamani wa reli hii, na kaka alikuwa ameshatangulia mlangoni. Wakasimama palepale kungoja mkono, kama walivyozoea.

Mkono haukuinuka. Akageuka, akalitazama behewa, koti limefungwa lote, uzi mmoja unaning'inia maana Mama Vifungo hakuwahi kuukata.

"Hapa Machimbo," akaanza, kwa sauti ile ya kutangaza vituo, maana hana nyingine ya kusemea akiwa amesimama, "ndipo reli hii ilipoanzia. Jiwe la kwanza..."

"Kumbe siku zote unanianzia mwishoni," Mama Vifungo akasema. "Na Tangi hujaisema. Umeiruka."

"Treni imeruka," kaka akasema. "Na mimi naruka."

Akameza mate. Behewa zima likameza naye. Nilikuwa nimeushika mkoba wangu kwa mikono miwili, na nakuambia, kama angemtaja mbuzi ningempiga nao.

"Nataka kukuoa," akasema. "Nilikuwa nataka tangu Stesheni Kuu."